Tulipu Mkononi, Karafuu Mlangoni

Naomba nianze na karatasi. Ni karatasi ya kawaida iliyotoka kwenye printa, na juu yake yamechorwa maua matano yanayofanana kama askari wa gwaride. Mtoto anatakiwa kuyahesabu, kuyapaka rangi, kisha kuandika jina la ua chini yake kwa Kiingereza. Ua lenyewe ni tulipu. Karatasi ya pili ina ua la manjano lenye kitu kama tarumbeta katikati, ambalo huko Ulaya huchomoza theluji inapoyeyuka. Karatasi ya tatu inamwagiza mzazi atafute sahani za karatasi, pamba, gundi na unga wa kumetameta, ili yeye na mwanawe watengeneze bustani ya majira ya kuchipua. Zilikuwa karatasi 14 kwa jumla, zimebanwa kwa pini, na nilizilipia shilingi 15,000 juu ya ada ya muhula.

Kifurushi hicho alipewa binti yangu wa miaka mitano kama kazi ya likizo. Shule yake ya awali, iliyopo mjini Morogoro, sitaitaja, kwa kuwa kosa ninalolizungumzia si lake peke yake na, kama utakavyoona, mimi mwenyewe nina fungu langu. Mada ya likizo ilikuwa maua. Nilikitia kifurushi kwenye begi lake, tukapanda Kinole kwa bibi yake.

Kwa wasioijua, Kinole ni kata ya Morogoro Vijijini, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ule unaopokea pepo zenye mvua kutoka Bahari ya Hindi. Unatoka mjini kwa barabara ya Bigwa kuelekea Kisaki, kisha unachepuka na kuanza kuupanda mlima, na mvua ikiwa imenyesha unajifunza kumheshimu kijana wa bodaboda kuliko mkuu wako wa idara. Huko shamba la zao moja ni nadra. Migomba imesimama pamoja na mikarafuu, pilipili manga imeparamia mti, mdalasini uko pembeni, iliki imejificha kivulini, mananasi yameshika ardhi ya mteremko. Maji yanayoteremka kutoka milima hii huingia mto Ruvu, na kutoka Ruvu huingia mabombani Dar es Salaam. Kila mpishi wa pilau na kila mnywa maji wa pwani ana deni lake huku, ingawa wadaiwa wengi hawajui hata njia ya kufika.

Tulifika wakati karafuu zimeanikwa uani juu ya majamvi, na harufu yake ilitupokea kabla ya wenyeji. Asubuhi ya pili binti yangu, ambaye huwatii walimu wake kuliko anavyomtii baba yake, aliketi barazani akatoa karatasi na penseli zake za rangi.

"Baba, hili ua linaitwaje kwa Kiswahili?"

"Tulipu."

"Lipo wapi?"

"Lipo Uholanzi."

"Linanukia?"

Hapo nikakwama. Nina shahada tatu, mojawapo niliisomea Ulaya, lakini sijawahi kuinamia tulipu nikainusa. Mama yangu, aliyekuwa akizigeuza karafuu kwa mkono, aliuliza bila kuinua uso, "Linaliwa?" Nikamjibu haliliwi. "Linauzwa?" Linauzwa, tena sana. "Sasa mke mwenzangu analihesabu la nini, na wanaouza ni wengine?" (Kwa asiyelelewa katika utani wetu wa bibi na mjukuu: mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na hutaniwa hivyo mpaka azeeke.) Kisha akachukua karafuu moja mbichi kutoka kapuni, akamwekea mtoto kiganjani. "Hesabu hili. Nalo ni ua."

Binti yangu hakuamini. Karafuu anayoijua yeye ni kile kimsumari cheusi anachokitoa kwenye pilau na kukiweka ukingoni mwa sahani. Akanitazama nimwamulie, na nikalazimika kutamka mbele ya mama yangu jambo ambalo yeye amelijua tangu kabla sijazaliwa: karafuu ni tumba, yaani ua ambalo halijachanua. Ule mwili wa msumari ni sehemu ya chini ya ua. Meno manne ya kichwani ni sepali. Kidonge cha duara kilichokaa katikati ya meno hayo ni petali nne zilizofumbana, na ndani yake zimejikunja stameni nyingi zinazongoja siku ya kufunguka. Mkulima haisubiri siku hiyo. Huchuma tumba linapoanza kuacha ukijani na kushika wekundu, kwa sababu likishachanua thamani yake imekwenda na maji.

Akahesabu meno: manne. Akachukua nyingine: manne. Ya tatu ilimpa matatu, akaja kulalamika kwamba imekosewa. Bibi yake akamwambia atafute sababu. Alizunguka nayo uani, akaigeuza, akaisogeza karibu na pua, hatimaye akagundua mahali jino lilipovunjika. Manne yalikuwapo, moja limetoka, yamebaki matatu. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka kumi na tano, na sikumbuki kama nimewahi kufundisha kutoa kwa ufasaha wa namna hiyo.

Kwa siku sita zilizofuata karatasi zilibaki begini. Jirani alikuwa na kijana wa kiume wa umri wa binti yangu, pengine anamzidi miezi kadhaa, naye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alimwonyesha namna ya kutenga: vikonyo huku, zilizochanua huku, zilizo kamili huku. Alimwonyesha kwamba karafuu iliyokauka vizuri ukiivunja inalia, na ambayo haijakauka inapinda tu. Binti yangu alipima kwa kikombe lundo la asubuhi ya kwanza, akalipima tena baada ya siku nne, akakuta vikombe vimepungua. Akaamini tumeibiwa. Ilichukua mazungumzo marefu, yaliyomhusisha bibi, jirani na kuku wote wa pale uani, mpaka akakubali kwamba kilichoondoka ni maji, na kwamba jua ndilo mwizi. Alijua rangi nne za karafuu kwa kadiri inavyokauka, na aliziita kwa majina ya Kiluguru ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau.

Asubuhi walikwenda kwenye maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia katikati ya asubuhi limekwisha kunywea; mtoto anayetaka kuliona lazima awahi, na hapo ana somo la saa bila saa ya ukutani. Kuna maua yaliyosimama juu ya kikonyo chembamba na kirefu, na kuna yaliyokalia kiboga kidogo cha ukubwa wa gololi. Ya kwanza ni maua dume, ya pili ni maua jike. Bibi huchuma dume kwa ajili ya mboga, akibakiza machache, na jike haligusi. Mtoto wa miaka mitano aliambiwa achume ya mboga, akarudi na kapu lisilo na ua jike hata moja. Huo ndio uainishaji, tunaoutungia mihadhara ya saa mbili.

Muhula ulipofunguliwa, kifurushi kilirudi shuleni kikiwa na kurasa tatu zilizopakwa rangi na 11 zilizo tupu. Baada ya wiki moja ilikuja ripoti fupi: mtoto hajakamilisha mada ya maua, anahitaji msaada zaidi nyumbani.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ningeweza kuicheka, na marafiki zangu waliicheka. Lakini nikamkumbuka yule mwalimu wa binti yangu, kijana wa jirani, na kicheko kikanikauka. Mama yake alinieleza kwamba walipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza, mtoto aliwekewa karatasi na penseli, akaambiwa aandike moja mpaka kumi. Hakuweza kuishika penseli. Wakamrudisha darasa la awali, akakae mwaka mwingine, kwa maelezo kwamba hajui kuhesabu. Shule hiyo nayo siitaji. Mtoto anayejua vikombe vingapi vibichi hutoa vikombe vingapi vikavu ameandikwa mahali fulani kwamba hajui kuhesabu, na binti yangu, ambaye kabla ya likizo hiyo aliweza kuchora tarakimu zote kumi bila kujua nne ni kitu gani nje ya karatasi, ameandikwa kwamba yuko tayari. Huyu wa mjini amepewa tulipu ili aamini kwamba mambo ya kujifunza yako kwingine. Huyu wa mlimani hakupewa hata tulipu. Amepewa habari kwamba alichokijua si ujuzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani huu ni mjadala wa karatasi za rangi. Tunawapanga watoto wetu katika mafungu mawili wakiwa na miaka mitano, na kipimo tunachotumia kinapima ukaribu wa nyumba yao na duka la vifaa vya shule.

Serikali haiwezi kusema haina mwongozo. Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za sanaa, na kutumia dhana za kihisabati. Usome mara mbili, hutakuta umahiri wa kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari. Mitaala ikaboreshwa tena mwaka 2023. Desemba 2021 tukazindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane na inayoitaja familia kuwa mahali pa kwanza pa kujifunzia. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 zikajenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yakaenda kwenye vituo shikizi, yaani zile shule ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama. Kwa mtu wa milimani hilo si jambo dogo, na silibezi. Miguu ya mtoto wa miaka mitano na mteremko wa Uluguru havipatani.

Basi kuta zimesimama. Tumeweka nini ndani yake? Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na wazazi wakaitikia kwa wingi, mwalimu wa awali mwenye watoto mara mbili au mara tatu ya idadi hiyo si hadithi ya kushangaza. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumpa kila mtoto karafuu na kumsubiri azunguke uani akitafuta jino lililovunjika. Atafanya kile kinachowezekana: ataandika ubaoni, watoto wataitikia kwa pamoja, kisha watanakili. Simlaumu. Ninayemlaumu ni yule aliyeuandika umahiri sita kwa ufasaha, akajua kwamba darasa litajaa, na hakufikiria hata siku moja kwamba pale kijijini kuna bibi ambao wangeweza kuketi na watoto kumi kumi, kwa posho ndogo au hata kwa heshima tu ya kuitwa. Penye miti hapana wajenzi.

Na sasa fungu langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia utafiti uliotaka kujua hali ya kujifunza nyumbani kwa watoto wadogo. Wasaidizi wangu walikwenda kaya kwa kaya wakiwa na dodoso. Swali mojawapo liliuliza: kuna vitabu vingapi vya watoto katika nyumba hii? Mama akijibu hakuna, ilijazwa sifuri. Swali jingine liliuliza vitu vya kuchezea vilivyonunuliwa dukani. Sifuri. Baadaye tukaandika kwa lugha nzito, na kwa Kiingereza bila shaka, kwamba kaya za vijijini zina upungufu wa vichocheo vya ujifunzaji. Dodoso nililipitisha mimi. Saini ni yangu. Nilizaliwa katika nyumba ambayo ingepata sifuri hizo zote, na ukuta wa chumba nilichojifunzia kuhesabu ulikuwa gunia la karafuu. Haikunijia kuuliza: mtoto huyu anafanya nini mikononi, na nani anazungumza naye anapofanya? Hilo ndilo swali ambalo lingetupa jibu. Tuliokwenda shule mbali tumezoea kurudi nyumbani na rula za watu wengine, tukapima, tukasikitika.

Nakumbuka pia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mpaka mwisho wa Juni. Wazazi wa mjini, nikiwamo, tulihangaika tukidhani elimu imesimama. Tulitafuta karatasi mtandaoni, tukazichapisha, tukatumiana kwenye makundi ya WhatsApp: maua ya karatasi, maua ya pamba, maua ya vijiti vya aiskrimu. Nje ya madirisha yetu mpapai ulikuwa umechanua, na hakuna aliyemtoa mtoto nje akamwonyesha kwa nini mpapai mmoja huzaa na wa jirani hutoa maua mwaka mzima bila papai.

Inashangaza zaidi ukikumbuka wazo hili la shule ya watoto wadogo lilianzaje. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua taasisi yake ya watoto katika mji mdogo wa Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Hakutania. Alitaka kila mtoto awe na kitalu chake, apande, apalilie, angoje. Tumeliazima jina, tumeazima sare na mahafali yenye majoho ya kukodi, bustani tumeiacha Ujerumani. Na huko huko Ujerumani, kwenye madirisha ya nyumba nyingi, kuna ua dogo la zambarau wanaloliita kwa jina la Usambara, kwa sababu ofisa wa kikoloni wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kutoka milima ile katika miaka ya 1890. Ndugu zake ua hilo huota pia Uluguru, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mtoto wa Kijerumani anamwagilia ua la milima yetu. Wetu anapaka rangi picha ya ua la kwao. Sitaki kulifanya hili kuwa kubwa kuliko lilivyo, lakini sipendi kulipita bila kulitazama.

Yupo mtoto mmoja ambaye ningependa walimu wa vyuo vya ualimu wamjue. Aliitwa Edmond Albius, mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Vanila ilikuwa imeletwa kisiwani kutoka Mexico, ikachanua, lakini haikuzaa, maana wadudu wa kuichavusha hawakuwapo. Wataalamu walikuwa wamehangaika nayo kwa miaka. Mwenye mtoto huyo alikuwa amemwonyesha namna ya kuchavusha maua ya matikiti kwa mkono. Mwaka 1841, akiwa na miaka 12 tu, Edmond akalitazama ua la vanila, akatumia kijiti chembamba kuinua utando unaotenga sehemu ya kiume na ya kike, akazibana pamoja kwa kidole gumba. Likazaa. Wakulima wa vanila wa Kagera, Uganda, Madagaska na kwingineko wanafanya hivyo hivyo hadi leo. Wapo waliojaribu kumnyang'anya ugunduzi huo, kwa kuwa hawakuamini kwamba mtoto mweusi asiyesoma angeweza. Alikufa maskini mwaka 1880. Hakuwa na karatasi ya mazoezi. Alikuwa na ua la tikiti, mtu wa kumwonyesha, na ruhusa ya kugusa.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza nalijua kwa sababu nimelitoa mwenyewe katika mikutano: hiyo ni kazi, na kazi ya watoto ni ukiukaji wa haki zao. Ni hoja ya kweli na siikwepi. Mtoto anayepandishwa juu ya mkarafuu, anayekoseshwa shule ili achume, anayetenga vikonyo kutwa nzima ili mzazi apate bei ya gunia, huyo ananyonywa, na mti wa karafuu ulio na matawi mepesi umewavunja watu wazima sembuse watoto. Nusu saa barazani na bibi, mtoto akiuliza na kujibiwa, akichoka akakimbia kucheza, ni kitu kingine, na mwenye macho hawezi kuvichanganya. Tena wanaopaza sauti juu ya mtoto wa Kinole kutenga karafuu hawapazi sauti juu ya mtoto wa mjini wa miaka minne anayeketishwa kwenye dawati saa sita kwa siku, kisha akapewa kazi ya nyumbani.

Jibu la pili ni kwamba ninaupamba umaskini. Mama wa Kinole, wataniambia, anaamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wote. Muda wa kujibu maswali ya mtoto anautoa wapi? Ni kweli. Mama yangu alikuwa na muda kwa sababu mwanawe ana mshahara. Jirani yake alikuwa nao mchache zaidi. Hata hivyo tazameni tunachomfanyia mama huyo: badala ya kumwambia kwamba yale machache anayozungumza na mwanawe penye jamvi ndiyo elimu ya awali, tunamwita kwenye mkutano wa wazazi na kumwambia achangie fedha za kutoa nakala. Anauza karafuu ili anunue picha ya ua.

Jibu la tatu ni dunia: mtoto lazima ajue Kiingereza, ajue ya ulimwengu. Nami nasema ajue. Binti yangu atajifunza tulipu, na akipenda ataifuata Uholanzi kama nilivyokwenda mimi. Ninachopinga ni mpangilio wa kumfanya alifahamu ua asilowahi kuligusa kabla ya lile lililomo ndani ya chai yake. Kitabu nakitaka, tena sana. Nataka kitabu chenye picha ya mkarafuu na jamvi na bibi, kwa Kiswahili safi, chenye nafasi ya mwalimu kuongeza neno la Kiluguru au la Kipogoro au la Kikaguru, kilale mezani pamoja na karafuu yenyewe. Penseli nayo naitaka. Kijana wa jirani angeishika kwa siku chache tu kama angeambiwa achore kile anachokijua.

Wazazi wenzangu wa Kihonda na wa Sinza wamekuwa wakiniandikia kwamba wao hawana mikarafuu. Mnayo. Ipo kwenye kopo la viungo jikoni. Chukueni karafuu kavu tano, zilowesheni katika maji ya moto mpaka zilainike, muipoze, kisha mmpe mtoto aibandue taratibu kwa kucha. Kile kidonge cha juu kitafunguka na ataziona stameni zimejikunja ndani, kavu tangu siku ilipochumwa. Hakuna karatasi ya kuchapisha itakayompa mshangao ule. Chemsheni choya mliyonunua kwa ajili ya juisi, mgawe maji yake mekundu katika glasi tatu. Moja mkamulie ndimu, nyingine mtie magadi kidogo, ya tatu muiache. Wekundu wa ile yenye ndimu utang'aa zaidi, na ile yenye magadi itaacha wekundu ielekee bluu au kijani. Msimweleze mtoto kwa nini, mwacheni aseme yeye kwanza. (Ile ya magadi mwageni, isinywewe.) Anayekaa karibu na uzio wa maua aokote yaliyoanguka, mtoto ayapange kwa rangi, kwa ukubwa, kwa idadi ya petali, ayatunge kwenye uzi, amvalishe nyanya yake. Muulizeni nyuki aliyekuja alifuata nini. Kama hamjui jibu, semeni hamjui, mkamtafute anayejua. Mara nyingi atakuwa mtu asiye na shahada.

Kwa Halmashauri na kwa wenzangu wa vyuo nina ombi moja tu, na halihitaji mkopo. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza Kinole, Tegetero, Matombo au Mkuyuni, mwalimu awe na bakuli la karafuu au la mbegu za maboga mezani kabla ya penseli. Amwambie mtoto: nihesabie. Amwambie: nitengee. Asikilize. Kisha ndipo amwonyeshe namna ya kuandika kile alichokwisha kukijua. Mimi nitalirekebisha dodoso langu, na nitaandika kwamba lile la kwanza lilikosea. Sidhani kama jarida litachapisha.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Juzi binti yangu ameleta kifurushi kipya. Mada ya likizo hii ni majira manne ya mwaka. Ukurasa wa kwanza una mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Nimelipa, kwa sababu kutolipa kungemwadhibu mtoto. Nimeandika barua kwa mwalimu wake, nikaambatanisha kifuko cha karafuu na maelezo ya nusu ukurasa, na kwa heshima ya mwalimu huyo niseme kwamba alinipigia simu jioni ile ile kuuliza kama zile zenye meno matatu ni za aina nyingine. Jumamosi tunapanda Kinole. Mama yangu ameshapiga simu kuuliza kama mke mwenzake atakuja tena na zile karatasi zake, maana za safari iliyopita, zile 11 tupu alizotusihi tumnakilie, anasema ziliwasha moto vizuri sana.